Kyungu na Kabange: yupi dume, yupi jike

Bulubulu, bulubulu. Hata leo nikisikia maji yakichemka polepole jikoni, masikio yangu yanarudi Kamina, sebuleni kwa Tonton Ilunga, mjomba wangu, ambapo pampu ndogo ya batri ilikuwa inawapulizia hewa samaki wawili. Boksi yao ya vioo ilikaa mezani karibu na dirisha, ikinuka majani mabichi na ndakala, yaani dagaa wakavu, waliosagwa, chakula chao.

Tonton alikuwa mtu wa reli. Aliwatoa samaki hao Kalemie, ziwani, kwa treni, katika bidoni moja, dumu la plastiki, aliyoikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga. Kwa kuwa walifika katika bidoni moja, mama yake, yaani Kambo, nyanya yetu, alitangaza kwamba ni mapacha, akawapa majina ya mapacha, Kyungu na Kabange. Na mapacha kwetu, rafiki zangu, si mchezo. Unachompa mmoja, mwingine naye apate, la sivyo umeita balaa nyumbani.

Kyungu aling'aa bluu na manjano kama mama anayekwenda misa ya Pasaka. Basi wote wakasema huyo ndiye bibi. Kabange, wa rangi ya vumbi, akawa bwana.

Mimi nilishinda pale, pua kwenye kioo. Niliona kwamba pezi la chini la Kyungu lina madoa ya manjano kama punje za mahindi. La Kabange halina. Halafu siku moja Kyungu akawa anatetemeka na kuzunguka, na Kabange akaokota vidude vya manjano mchangani, akavifungia kinywani bila kumeza. Toka hapo akagoma kula, koo likavimba.

Kambo akashtuka. "Kyungu anakula, Kabange hapana? Ilunga, mufungule kinywa, umulishe!"

Tonton akachukua kijiti cha kiberiti, akakunja mkono wa shati. Nikalalia boksi kwa mikono yote miwili.

"Hapana, Tonton! Kabange njo bibi! Iko na mayai mu kinywa!"

Tonton akacheka hadi akakohoa. "Mayai mu kinywa! Na bwana njo huyu wa kuvaa maua?"

"Jogoo njo anavaaka maua, Tonton. Kuku iko vile tu."

Kambo akawatazama kuku wake uani, kwa muda mrefu. "Muache," akasema. "Lakini akikufa, Numbi, weye njo utaeleza."

Siku zile kila asubuhi nilichungulia kioo kwanza, ndipo nikaenda shule. Hadi Jumapili moja, tumetoka misa, Kabange akafungua kinywa, na vitoto vikamwagika kama moshi wenye macho. Nilipiga kelele, mbwa wa jirani wakaitika. Tonton akanibeba mabegani, akanizungusha uani: "Docteur wa samaki! Mukuye muone!" Kambo naye akapiga vigelegele kama kwenye ndoa.

Niliamini ushindi ule ni wangu, na utamu wake bado ninao. Ila baadaye sana, nimekuwa mkubwa, ndipo nilipoelewa nani alishinda kweli: Kabange, njaa tumboni, ndakala wakielea mbele ya pua yake kila asubuhi, na hakumeza hata kitoto kimoja.

Jumapili ile, Tonton na Kambo walipokwenda kuwaita majirani, nilibaki peke yangu. Nikadondosha ndakala kwenye kona ya Kabange. Kyungu, aliyekula siku zote zile, akaja mbio. Nikazamisha kiganja katikati yao, nikakishikilia hapo mpaka Kabange aliposhiba.