Mpakaji hina wa Magogoni anayetamani kukaa chini tena

Saa tisa alasiri, katika nyumba moja ya Magogoni, Kisauni, bibi harusi ameketi mkekani, mikono ameilaza juu ya mto. Mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, Hafswa Hamoud anainama na koni ya hina mkononi. Mguu wake wa kulia umenyooka mbele yake kama mchi.

Anamaliza ua la mwisho kwenye kidole gumba, analipuliza, anafuta ncha ya koni kwa kitambaa. Kisha anaita.

"Afrah!"

"Abee, mama."

"Ndoo hapa ushike miguu."

Binti yake, mwenye umri wa miaka 24, anakaa chini, anainua goti moja na kuupakata mguu wa bibi harusi. Mama anabaki kitini akitazama. Hapo ndipo kazi yake inapoishia siku hizi, na ukimwangalia usoni utajua kwamba hajaizoea hali hiyo wala hana nia ya kuizoea.

"Hicho kisigino usikibane," anasema. "Ua nalo lataka pa kupumulia."

Hafswa, 57, amewapaka hina maharusi wa Kisauni kwa miaka 33. Mikono, anasema, mtu yeyote mwenye subira aweza kujifunza kwa mwezi mmoja. Miguu ndiyo humtambulisha fundi. Mguu hutaka kupakatwa saa mbili au tatu, ugeuzwe huku na huku, na mpakaji awe chini pamoja nao.

Waliwahi kujaribu kumpandisha bibi harusi kitandani ili Hafswa aifikie miguu kutoka kitini. Mkono haukufika sawasawa, na ua likatoka kama kaa aliyekanyagwa. Bibi harusi alicheka sana. Hafswa hakucheka.

Zamani bibi harusi mmoja, mikono na miguu, alimpatia shilingi 7,000. Sasa anachukua 2,500 za mikono, na zilizobaki ni za Afrah. Hilo halimsumbui, kwani pesa zimebaki nyumba ile ile.

"Mimi natamani chini," anasema. "Kula chini, kuswali chini, kukaa na wenzangu mkekani tukasemezana. Huku juu nakaa kama mgeni wa heshima, na mimi si mgeni wa mtu."

Na lipo kubwa kuliko hayo. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, wiki tisa kutoka sasa, Afrah mwenyewe anaolewa. Fundi wa miguu katika nyumba hii sasa ni yeye, na hakuna anayeweza kujipaka nyayo zake mwenyewe.

"Wana wa watu nimewapaka mpaka sina hesabu," anasema Hafswa, akimtazama binti yake aliyeinamia kazi. "Wangu nimwitie fundi wa kukodi? Wallahi, moyo hautaki."

Magoti yalianza kumsumbua miaka 11 iliyopita. Yalianza kwa kutoa mlio, yakaendelea kwa kuvimba, na hatimaye la kulia likawa mfupa unasaga mfupa. Wiki kumi zilizopita, kwa bima na michango ya wanawe wawili wa kiume, alibadilishwa goti hilo katika hospitali moja mjini.

Ukimwuliza habari za upasuaji, hataanza na goti jipya. Ataanza na kitu anachokiita "uzi".

Kabla ya kupasuliwa, daktari wa ganzi alimpitishia pajani mrija mwembamba sana, ncha yake ikakaa karibu na mshipa wa fahamu unaopeleka habari za goti kwenye ubongo. Nje, mrija ulishikizwa kwa plasta na kuunganishwa na kichupa kilichotiririsha dawa ya ganzi kidogo kidogo, usiku na mchana. Ulipangwa kukaa siku nne: mbili hospitalini, mbili nyumbani.

Asubuhi iliyofuata upasuaji, Winfred Kaviha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimshika kisigino akalikunja goti polepole mpaka nyuzi 90, kama mguu wa mtu aliyekaa kitini.

"Naliona goti langu lakunjika na mimi sisikii kitu," anakumbuka Hafswa. "Nikalia. Winfred akaniuliza, 'Mama, linauma?' Nikamwambia la, nailia miaka yangu kumi na moja."

Winfred anaikumbuka asubuhi ile pia, pamoja na maneno aliyomwambia mgonjwa wake siku ya kutoka. "Nilimweleza kwamba ganzi ile si ya kulalia, ni ya kufanyia kazi," anasema. "Goti jipya lisipokunjwa mapema, nyama hushikana ndani na kovu hukaza. Mrija tunauweka ili mtu afanye mazoezi bila kuteseka. Nilimwambia alikunje kila saa akiwa macho."

Nyumbani, Hafswa alimkuta dada yake mkubwa, Mwanakombo, ameshatandika kitanda.

Mwanakombo, 66, ni mkandaji wa wazazi. Mtaa mzima unamjua. Mwanamke akijifungua, yeye ndiye humkanda kwa maji ya moto, humfunga tumbo, humnywesha uji wa pilipili manga, na kuhakikisha hanyanyui hata kikombe mpaka arobaini itimie. Kwake yeye, aliyepasuliwa na aliyejifungua ni wamoja. Mwili umefunguliwa, basi utulizwe hadi ujifunge.

Akamwekea mdogo wake mto chini ya goti. Akaufunga mguu kwa kanga. Supu ya kuku asubuhi, uji alasiri. Hafswa alipojaribu kulikunja goti kama alivyoagizwa, alikemewa.

"Nlimwambia tulia, mgonjwa haulizwi uji," anasema Mwanakombo, na macho yake yako sakafuni. "Nlimwona hana maumivu, nikasema Alhamdulillahi, apona. Kumbe zile ndizo siku za kufanya kazi, na mimi nazipitisha kwa supu."

Siku ya nne, muuguzi alikuja akautoa mrija. Jioni ile maumivu yakafika, na kila aliyeyaona akasadiki kwamba Mwanakombo alikuwa sahihi: mgonjwa huyu asiguswe kabisa. Siku ya kwenda kliniki ilipita, kwa kuwa mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Winfred alipopiga simu, Mwanakombo ndiye aliyeipokea. "Hajambo sana," alimjibu. "Yuwala vizuri, yuwalala vizuri."

Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hafswa alilisikia la mkuu, tena kwa adabu zote, na goti likagoma.

Lakini hataki lawama ziende upande mmoja. "Mimi nami nlikuwa na akili zangu na maneno ya Winfred nliyasikia," anasema. "Lakini nikwambie kweli? Tangu mama yetu afe, hakuna aliyenilisha kwa mkono wake. Nlipenda kudekezwa. Nani asiyependa?"

Arobaini ilipokwisha, alishuka kitandani na goti lisilovuka nyuzi 60. Tangu hapo amekwenda mazoezi mara tatu kwa wiki, akauma kanga meno yakamuuma, akapata nyuzi nne tu zaidi. Ngazi anapanda kama mtoto, hatua moja moja. Choo cha shimo ni vita.

Jumanne ijayo anarudi hospitali. Madaktari watamlaza usingizi walikunje goti kwa mikono, wayaachanishe yaliyoshikana. Kisha watampitishia mrija tena kwa siku nne, ili mara hii aifanye kazi aliyoikosa mara ya kwanza.

Winfred hataki kumdanganya. "Wengine hupata nafuu kubwa, wengine kidogo," anasema. "Kovu likizidi kukaa huwa gumu zaidi, ndiyo maana hatutaki kuchelewa. Akifika nyuzi 110, ataweza kukaa kwenye kigoda kifupi na kuupakata mguu wa mtu. Mkekani kabisa siwezi kumwahidi. Na mrija ukishatolewa, maumivu yatakuja. Hapo ndipo wengi huacha."

Kigoda kinamtosha Hafswa. Alipoambiwa habari zake aliuliza kirefu kiasi gani, akamtuma Afrah akampimie.

Afrah kwa upande wake alikuwa na wazo lake. Wiki iliyopita alimwambia mama yake kwamba yuko fundi mzuri Shanzu, na hapana haja ya kujitesa kwa ajili ya miguu yake.

"Nlitaka kumpunguzia mzigo," anasema Afrah. "Siku mbili hakula vizuri. Sikurudia tena."

Winfred alipendekeza kwamba safari hii msimamizi wa mazoezi nyumbani awe Afrah, au jirani yeyote asiye na huruma nyingi. Hafswa alikataa. Alimtaka dada yake.

Mwanakombo hakuamini. Tangu goti lilipokaza alikuwa amepunguza hata kuja kumjulia hali, na akija hukaa karibu na mlango. Hafswa ndiye aliyemtuma mtu kumwita, akamshika mkono akambusu kama anavyobusiwa mkubwa, na kumwambia kwamba mikono inayojua kukanda haishindwi kujifunza kukunja.

Sasa Mwanakombo huenda naye kliniki. Juzi Winfred alimwonyesha namna ya kushika kisigino kwa mkono mmoja na kuutuliza mguu kwa mwingine, na namna ya kuhesabu mpaka kumi kabla ya kuuachia. Mara ya kwanza alifika nne, akaona uso wa mdogo wake umekunjamana, akauachia. Mara ya pili akafika saba. Mara ya tatu alifumba macho, akahesabu kwa sauti, akafika kumi.

"Siku nne za uzi ni nyepesi, hatasikia kitu," anasema Mwanakombo, aliyeketi kando ya kiti cha mdogo wake. "Mimi naiwaza ya tano. Siku hiyo atalia, na mimi nikimwona Hafswa yualia, mikono hufa."

Hafswa anamgeukia. Chini, Afrah ameinua koni, anasikiliza.

"Lia, dada," anamwambia. "Tutalia sote wawili, hapana atakayetukataza. Lakini usiniachie kabla ya kumi."