Lamaro alisubiri makofi

Leo nimetoka jasho kuliko siku ya paredi, na nilikuwa nimekaa tu kwenye kiti cha watoto na magwanda yangu ya polisi.

Binti yangu Lamaro, miaka minne, alikuwa na intavyuu ya nasari hapa mtaani kwetu, Kisugu.

Amejifunza kwenye tableti. Herufi, rangi, kuhesabu, vyote anajua. Kwa hiyo nilienda kifua mbele.

Mwalimu, mama mmoja Mkenya, akaweka vizibo vya soda mezani. "Viko vingapi?"

"Vitano."

Sawa kabisa! Mwalimu akanyamaza, akimtazama.

Lamaro naye akamtazama.

"Vinne?"

Jamani!

"Sita?"

Nikafungua mdomo. Mwalimu akaninyooshea kidole bila hata kugeuka. "Baba Lamaro, tulikubaliana unyamaze."

Machozi yakamtoka mtoto. Mwalimu akainama. "Ulisema vitano. Mbona umebadilisha?"

"Haijapiga makofi."

Tableti yetu hupiga makofi ukipata jibu. Ukikosa, inanyamaza.

Nikamweleza mwalimu. Akasogeza kiti karibu na Lamaro. "Mimi sina makofi, mama. Gusa kimoja kimoja, uhesabu mwenyewe."

Akahesabu polepole. Akafika mwisho. Kimya tena. Mimi hata kupumua sipumui.

"Ni vitano," akasema, na safari hii hakumtazama mtu.

Amepita. Anaanza Jumatatu.

Wazazi wenzangu, wa kwenu pia wako hivi, au ni wangu tu?