Kiondo Kilichopanga Laini

Pale kisimani Kalamba kuna sheria moja inayoheshimiwa kuliko zote za Bunge, na msimamizi wake ni Kaveke wa Nyamai. Mtungi wako ukishawekwa kwenye laini, ni wewe umesimama pale. Nenda kapalilie mbaazi, nenda kanisani, nenda kajifungue ukipenda. Ukirudi utakuta wenzako wameusogeza mbele na hakuna aliyeuruka. Miaka ishirini na miwili Kaveke amekaa pale na ufunguo wa bomba shingoni. Aliyewahi kuruka mtungi wa mwenzake ni mmoja tu, mwalimu mgeni, naye alihama kabla muhula haujaisha.

Mama huyu, ambaye ulimi wake hukata pande zote mbili, alikuwa na tamaa moja aliyoificha. Mwaka wa sabini na nne, akiwa msichana wa miaka kumi na minne, alikaa kwa shangazi yake mjini Kitui, akawa anateka maji ya duka moja la vitambaa katika mtaa wa bazaa. Mara sita kwa siku alipanda ngazi za nyuma na debe mgongoni, mukwa, ule ukanda wa ngozi, ukimkata paji la uso, akamimine kwenye pipa la jikoni ghorofani. Mbele ya jikoni palikuwa na roshani ya mbao inayotazama barabara, na viti viwili. Mama mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Alimpa hata leso ya Krismasi. Lakini siku Kaveke alipoketi kwenye kiti kimoja apumue kidogo, aliambiwa kwa upole kwamba viti vile si vya wabeba maji. Upole ule ndio uliomuuma. Angetukanwa, angesahau.

Mvumilivu hula mbivu, ni kweli, ila wahenga hawakutaja embe litaiva mwaka gani. Mtaa ule ulichakaa, ukaachiwa popo na washona viatu. Juzi juzi ukakarabatiwa. Kuta zikapakwa chokaa, mbao zikapigwa msasa, maghala ya pamba yakawa maduka ya nguo za bei ya mbuzi, na kila mlango wa pili ukawa mkahawa au baa yenye muziki. Lile duka la vitambaa likawa hoteli, na roshani ikawekwa meza moja tu. Kanyiva, mke wa mwanawe anayeishi Kitui, alipomwonyesha picha kwenye simu, Kaveke aliitazama mpaka kioo kikazima, ndipo akamsimulia habari ya kile kiti.

"Jumamosi nakuja," akamalizia. "Na ni hapo juu nitakaa, si kwingine."

Akaja amevaa sare ya akina mama wa kanisa, kwa kuwa ndiyo nguo yake nzuri, na pengine kwa kinga. Kila walipopita baa alifumba macho, jambo la utakatifu mwingi lakini la hatari barabarani. Baa ya tatu ikamwangusha juu ya chungu cha maua. Duka moja lilikuwa likiuza debe kuukuu, lenye kutu ya kweli kabisa. Kaveke akataka kujua ni nani aliyelisahau pale.

Mlangoni pa hoteli palikuwa na watu kama kumi na watano, wamesimama barazani wakingoja meza. Kaveke akaweka kiondo chake nyuma ya mtu wa mwisho, akavuka barabara, akaketi kivulini.

"Mwaitu," Kanyiva akanong'ona, maana kwa Kikamba mama huitwa hivyo, "huku watu husimama wenyewe."

"Kwani kiondo kina shida gani? Si kimesimama."

Wakati huo huo kijana wa mlangoni, Kivuva kwa jina la kifuani, alikiinua kile kiondo akakiweka kando ya ukuta. Kaveke akavuka tena barabara, safari hii bila kutazama magari.

"Kijana, umetoa mtu kwa laini."

"Susu," kijana akasema, akimwita bibi kwa Kikamba, "hii haiwezi kaa hapa. Umebuku meza?"

"Wewe ni wa wapi?"

"Mutomo."

"Mutomo. Na mama yako akienda kuteka maji, husimama na miguu ama hupanga mtungi?"

Kivuva akatazama nyuma, utadhani mama yake amesimama hapo. Kisha akakichukua kiondo, akakirudisha pale pale kilipokuwa, akainyoosha na mikanda yake. Kaveke akarudi kivulini.

Nyuma ya kiondo alikuwa msichana aliyevaa viatu virefu, miguu imemvimba. Alisikia yote. Akavua viatu, akavipanga, akaenda pekupeku kuketi karibu na Kaveke. Baada yake ikaja helmeti ya bodaboda. Ikaja koti, mwavuli, Biblia, chupa ya mtoto. Haikupita nusu saa barazani hapakuwa na mtu aliyesimama. Watu wameketi kivulini wakiulizana kwao ni wapi na mvua imenyesha kiasi gani, na kila meza ikipatikana, aliye karibu anasogeza vitu vyote mbele. Wageni wawili wa kutoka Nairobi walivipiga picha wakidhani ni maonyesho.

Kiondo kikafika mbele. Wateja wa roshani wakaonekana wakiinuka. Ndipo gari kubwa likasimama, akashuka Mheshimiwa Nzau, mwakilishi wa wadi, na wapambe wawili. Meneja akatoka mbio akikausha mikono kwenye suruali.

"Mheshimiwa, karibu. Roshani iko tayari."

Kaveke alisimama aseme, na ulimi ukagoma. Mwanamke aliyemfukuza mwalimu alijikuta tena na miaka kumi na minne, debe mgongoni, akiambiwa kwa upole. Kanyiva akamshika mkono.

Mheshimiwa alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi. Akatazama chini: kiondo, viatu, helmeti, mwavuli.

"Hii ni laini?"

"Ni vitu tu vya watu, Mheshimiwa. Pita."

"Mimi nimezaliwa Kyuso," akasema Nzau. "Usiniambie ni vitu."

Akavihesabu kwa macho, na mtu anayeijua siasa angeona kwamba anahesabu kura. Hata hivyo uso wake ulikuwa na haya ya kweli, haya ya mtoto aliyewahi kuchapwa kisimani. Akavua kofia yake pana, akaenda kuiweka mwisho kabisa, akaketi kwenye ukingo wa baraza. Mpambe mmoja akaweka koti lake. Wa pili hakuwa na kitu ila simu, akaona heri asimame.

Kaveke alipanda kwa ngazi za mbele, ambazo hakuwahi kujua zina madaraja mangapi. Kiti kilikuwa cha chuma, kigumu kuliko benchi la kanisa. Akaletewa chai ya maziwa na mandazi. Alikunywa taratibu akitazama vichwa vya watu barabarani, machozi yakamtoka, naye akayaacha yatoke. Kanyiva akajifanya anasoma menyu.

Huko chini meza za ndani zilifunguka kwa mfululizo, na jua lilipoanza kulegea, ile kofia ilikuwa ya kwanza. Mheshimiwa akakohoa akitazama juu. Meneja akapanda, ameinama kidogo.

"Mama, samahani, kama mmemaliza, kuna mgeni anangoja."

Kanyiva akashika mkoba wake. Alimjua mama mkwe: wangapi amewafukuza bombani kwa kupiga soga na mtungi umejaa?

Kaveke aliitazama kofia. Akatazama kikombe, kimebaki funda moja.

"Mwambie angoje," akasema. "Mimi nimengoja tangu sabini na nne. Niongezee chai."

Meneja akashuka kumwambia. Kaveke akavuta kiti karibu na ukingo, akavua viatu, akaegemea.