Kengele Iliyofungwa Ulimi

Mwaka ule wa mvua ya Elnino nilikuwa nimemaliza darasa la nane, na mjini Garissa sikuwa na kazi yoyote ila kuota ndoto. Ndoto kubwa ilikuwa maporomoko ya maji. Niliyaona katika kitabu cha Jiografia, maji meupe yakianguka kutoka juu ya jabali, na mwalimu akasema huku kwetu hakuna kitu kama hicho. Basi dereva mmoja wa lori aliporudi kutoka kaskazini akasimulia kwamba vilimani, ng'ambo ya Eldas, mvua imefanya mawe yamwage maji, usingizi uliniruka. Tayari nilijiona nikiwaongoza wageni huko, kofia kichwani.

Kule vilimani aliishi abti, yaani mjomba wangu, kaka yake mama. Nilifika kwake na matope hadi masikioni, maana lori lilikwama na abiria wote tukalisukuma. Alinipa chai ya rangi, akaniuliza habari za mama, mvua ya Garissa, bei ya mbuzi, mpaka habari zikaisha. Ndipo akasema maporomoko anayajua na kesho atanipeleka, kwani yeye mwenyewe anakwenda upande huo.

Ngamia wake jike alikuwa ametoroka akiwa na mimba pevu. Ngamia akikaribia kuzaa hutafuta faragha. Ukame uliotangulia ulikuwa umewamaliza wenzake, akabaki yeye tu wa kuwapa watoto wa abti maziwa. Na fisi wakimla ndama, mama naye huyazuia maziwa yake, huwezi kumbembeleza.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tutaisikia kengele. Abti akatazama chini. Kengele ngamia alikuwa nayo, ya mti, abti aliichonga kwa mkono wake. Lakini siku zile majambazi walikuwa wanafuata sauti za kengele kuiba mifugo, kwa hiyo yeye, kama majirani zake wote, alikuwa ameufunga ulimi wa kengele kwa kitambaa cha kikoi. Majambazi hawamsikii ngamia, na abti mwenyewe pia hamsikii.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Nilivaa raba zangu za mjini, na kila hatua matope yaliziongezea soli nyingine, mpaka nikawa natembea kama mtu aliyefungwa matofali miguuni. Abti na akala zake za tairi hakuteleza hata mara moja. Nikianguka alikuwa anasema, "Inuka, mtu wa bomba," yaani mtu wa mjini, bila kugeuka. Yeye alikuwa anaangalia miiba, wapi imevunjwa kwa juu, wapi majani mapya yameliwa. Kidumu cha maji alikuwa ananipa mimi kwanza, na mimi, kwa uchovu, nilikuwa nakunywa bila kuuliza yeye amebakiwa na nini.

Jua lilipokuwa kichwani nilisikia ngurumo. Nilidhani ni lori.

"Ndiyo hayo," abti akasema.

Miguu iliamka yenyewe. Lakini tulipofika pale vilima viwili vinapoachana, abti alichuchumaa. Nyayo pana za ngamia, mbichi, zilikuwa zinashuka kushoto. Juu yake zilikuwa zimekanyagwa nyayo za fisi. Ngurumo ilikuwa kulia.

"Abti," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo, "maji yako yako nyuma ya jabali lile. Nenda ukaone. Nitarudi kukuchukua."

"Na fisi?"

"Fisi ni wangu."

Nikaitazama shingo yake, jinsi mishipa ilivyosimama. Nikasema, "Twende kwa ngamia. Maji hayana miguu."

Alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Mtu wa bomba. Maji ya huku yanatushinda sisi kwa miguu."

Tulimkuta kwenye kichaka, kaupa mgongo mwamba, ndama bado mbichi chini ya tumbo lake. Fisi wawili walikuwa wamekaa mbele yao, wametulia kama watu wanaosubiri ofisi ifunguliwe. Tuliwarushia mawe, wakaondoka bila haraka. Abti akamwendea ngamia wake akimwimbia kwa sauti ya chini, na kabla ya jambo lolote akafungua kile kitambaa. Kengele ikalia, ko, ko, ko. Abti akafuta uso kwa kitambaa hicho.

Tulimbeba ndama kwa zamu mabegani, mama akitufuata na kuninusa shingo. Tulipopita tena pale vilima vinapoachana, ngurumo ilikuwa bado ipo. Tukaendelea na njia. Sikuwa na nguvu ya kupanda huko.

Miguu ilivimba siku kadhaa, na mvua haikurudi. Nilipoweza kuvaa raba tena nilikwenda peke yangu, nikalikuta jabali limekauka, limebaki na mstari mweusi tu pale maji yalipopita. Nikakaa chini yake, nimechoka hata kusikitika. Kutoka bondeni ilikuwa inapanda sauti ya ile kengele. Niliisikiliza mchana kutwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Jioni ikakatika ghafla, nikajua abti ameufunga ulimi wa kengele tena, kwa kuogopa majambazi wa usiku, na kwamba amemaliza kukamua. Nikashuka kunywa maziwa.