Mbele ya Wavu na Mlangoni pa Ndama

Nakumbuka wiki nzima niliyokosa usingizi kwa sababu ya mpira mdogo wa tenisi. Usicheke, mwanangu. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha, nimemaliza chuo kikuu, niko nyumbani Kitengela nasubiri kazi, na kwangu hakukuwa na jambo dogo. Mama akinituma chumvi, nilirudi kumuuliza pakiti ya aina gani. Basi kitandani nilijigeuza nikijiuliza: nimwambie Mwalimu Nashipai atafute mtu mwingine wa kucheza naye, au nisimame tena mbele ya wavu nimwaibishe?

Mwalimu Nashipai alikuwa amestaafu kufundisha michezo. Ndiye aliyenifundisha tenisi nikiwa mdogo, kwenye uwanja wa murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, na sasa tulicheza pamoja, wawili dhidi ya wawili. Lakini magoti yake yalikuwa yameanza kukataa kukunjika. Mipira ya chini karibu na wavu ilimshinda, kwa hiyo yeye alibaki nyuma, mimi mbele. Kama ningekataa kukaa mbele, wapinzani wangetudondoshea mipira mifupi, naye angelazimika kuikimbilia. Daktari alikuwa amemwonya kwamba mbio za namna hiyo zitammalizia magoti. Na tenisi ndiyo iliyokuwa imebaki ya kumtoa nyumbani tangu mumewe afariki.

Jumapili iliyotangulia tulicheza na mawakala wa forodha kutoka Namanga. Mmoja wao, jamaa mrefu mwenye mkono mzito, aligundua upesi kwamba naogopa mpira unaokuja kifuani. Kila aliponilenga nilivuta raketi nyuma ya bega ili nipige kwa nguvu, nikaanza kuwaza niupeleke kushoto au kulia, na kabla sijaamua mpira ulikuwa umenipita au umenigonga.

"Dada," akasema, "hapo mbele si pa kusomea gazeti."

Watu walicheka. Hata Mwalimu alicheka kidogo, nami nikaumia zaidi. Tukakubaliana kurudiana Jumapili inayofuata.

Katikati ya wiki nikaenda kwake, upande wa Isinya, nimejiandalia hotuba ya kujitoa. Ilikuwa jioni, ng'ombe wanaingia. "Takwenya," akanisalimia kwa Kimaasai. "Iko," nikaitikia, na kabla sijaanza hotuba akanituma kwenye mlango wa zizi la ndama.

Pengine wewe umekulia maziwa ya pakiti, kwa hiyo nikueleze. Ng'ombe akitaka kukamwa, ndama wake huachiliwa kwanza anyonye kidogo ili maziwa yashuke. Wale wengine huzuiliwa, na wote wako na njaa. Mimi, binti wa Kikamba niliyekulia mtaani, nilipunga mikono huku nikiwaangalia wote kwa pamoja, nikikisia nani atatokea wapi. Mmoja akanipita chini ya kwapa, akamwahi mama yake. Chai ya nyumba ile ikapungukiwa maziwa.

Mwalimu hakunigombeza. "Mutheu, wewe shida yako si woga," alisema. "Unawaangalia wote. Angalia huyu ako mbele yako. Kunja magoti, weka mkono pale kichwa chake kitafika, halafu tulia. Nguvu analeta yeye."

Nikafanya hivyo. Ndama akaja mbio, akakuta kiganja changu kwenye paji lake, akasimama. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa anakamua, wala hakutaja tenisi hata kidogo. Nikarudi nyumbani na hotuba yangu.

Jumapili alifika amefunga magoti bandeji. Aliniambia kwa upole kwamba nikipenda tukae nyuma wote wawili, atajaribu kukimbia. Nilikuwa na jibu refu. Nikaliacha.

"Baki nyuma, Mwalimu. Mbele ni kwangu," nikasema, nikatembea hadi karibu na wavu.

Jamaa mrefu hakuchelewa kunilenga. Safari hii raketi ilikuwa tayari mbele yangu, sikuivuta nyuma. Nikakunja magoti, nikaigeuza ikae mbele ya kifua, mgongo wa mkono ukiutazama mpira, nikashika imara. Mpira ukagonga nyuzi, ukadondoka ng'ambo ya wavu, ukafia pale.

"Umemaliza gazeti?" akauliza.

"Nimelikunja," nikamjibu.

Walitushinda siku ile. Lakini Mwalimu alienda nyumbani akitembea vizuri, na Jumapili iliyofuata alikuja tena.

Mwanangu, wewe unayelala ukipima kila jambo, sikukatazi kufikiri. Mimi mwenyewe bado nafikiri kupita kiasi. Fikiri ukiwa bado mbali. Ukishafika kwenye wavu, raketi iwe mbele, magoti yakunjwe, na ushughulike na mpira huo mmoja unaokuja. Usihangaike kutafuta nguvu, kwa maana mpira umekuja nayo. Na kama nyuma yako kuna mtu ambaye magoti yanamuuma, simama mbele yake.

Mungu akupe mikono imara na usingizi mzuri, na akupe mtu wa kukutuma mlangoni pa ndama kabla hujaanza hotuba yako.