Seremala Aliyeupima Mlima

Kwa wiki nyingi Mureithi, seremala wa soko la Gikomba, alitembea na kipande cha mbao ya saipresi kwapani kama mzee wa kanisa na Biblia yake. Ilikuwa kabari tu, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Lakini ole wako umuulize ni ya nini, maana jioni yako imekwisha. Hilo, angekuambia, ndilo shamba la mama kule Mukurwe-ini. Mteremko wa kabari ndio mteremko wa shamba, haujazidi wala kupungua.

Na hazikuwa porojo. Mwezi wa Januari alienda kwao na pima maji yake yenye kipovu, akapiga magoti kando ya njia, juu kabisa ya shamba, akauchora mwinamo kwenye mbao na kuukata kwa msumeno. Mtu mwingine angepiga picha kwa simu. Huyu wetu, ambaye hawezi kupita mlango uliopinda bila kusimama kuusikitikia, haamini picha.

Sababu yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Novemba, mama yake, Wakiuru, mwenye miaka sabini na sita, alianguka shambani akavunjika mkono. Kate, dada yake Mureithi, ni nesi, na nesi huyo akishasema amesema. Alikata shauri kwamba mama ahamie kwake mjini, mtaa wa Komarock, ghorofa ya tatu, chumba cha nyuma. Mama alilia kwenye simu. Mureithi hakuwa amemsikia mama yake akilia tangu siku waliyomzika baba, na kilio kile kilimkaa rohoni. Akamsihi Kate ampe muda mpaka Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Akipata mashine ya kulima mlima ule, mama abaki shambani kwake. Asipopata, Kate aje na gari amchukue.

Tuseme ukweli, mashine alikuwa ameshaichagua moyoni. Ilikuwa trekta ndogo nyekundu aliyoiona kwenye yadi moja ya Industrial Area, na ilikuwa na kiti. Kiti hicho kilimnyima amani. Alishajiona amekikalia, kofia kichwani, majirani wa Mukurwe-ini wamesimama uani na vikombe vya chai mkononi. Muuzaji, bwana mmoja nadhifu aitwaye Frankline, alimhakikishia kuwa mashine ile inapanda popote. Mureithi akaiweka kabari juu ya karatasi zake. Frankline akaitazama sana, akauliza kama mzee anauza milango.

Siku mbili baadaye mzee alirudi yadini na mkokoteni wa mbao nzito, akaunda jukwaa lenye mwinamo sawasawa na ule wa kabari. Trekta nyekundu ikapandishwa bila dereva, ikivutwa kwa kamba. Kwenda juu moja kwa moja ilipanda vizuri, na Mureithi akaanza kutabasamu. Lakini shamba la mama ni ukanda mwembamba wenye matuta, na matuta hulimwa kwa kwenda kando kando. Ukilima kutoka juu kwenda chini, mvua ya kwanza inaupeleka udongo wako mtoni. Kwa hivyo wakaigeuza ikae kiubavu. Magurudumu ya juu yakanyanyuka polepole, trekta ikapinduka ikalala, na kile kiti kikabanwa chini.

Mureithi alikitazama kile kiti. Alikuwa akijiona yeye mwenyewe pale chini.

Basi akachukua mashine nyingine pale yadini, ya magurudumu mawili, fupi, unayoishika vishikio na kutembea nyuma yake. Haikuwa na kiti wala sifa. Lakini ilisimama kiubavu kwenye jukwaa asubuhi nzima kama mbuzi, na kabari ikaridhika. Mureithi aliilipia akiwa na uso wa mtu aliyealikwa nyama akapakuliwa maharagwe.

Jumamosi ikafika. Pikapu ilitangulia na mashine, Kate akafuata na gari lake. Tuta la kwanza likalimwa, la pili, la tatu. Udongo ulipinduka mweusi, majirani wakatoka na vikombe vyao vya chai, na Mureithi, jasho likimtiririka, hata akakisahau kiti. Kate, aliyekuwa amekunja mikono tangu wafike, akaikunjua na kukiri kwamba inalima.

Mama aliwashukuru wote na Mungu wao. Kisha akamgeukia mwanawe. Humwita baba, kwa kuwa alimpa jina la babake mzazi.

"Baba, imelima vizuri sana," alisema. "Lakini mimi sikuangukia hapa."

Akawashusha chini, wakaipita kahawa, mpaka karibu na mto anapokata majani ya ng'ombe. Mureithi hakuwa amefika huko tangu amalize shule ya msingi. Aliiweka kabari ardhini na pima maji juu yake, na kipovu kikakimbilia pembeni kikagoma kurudi. Mashine yenye magurudumu isingesimama pale. Yeye mwenyewe alikuwa ameshikilia mti. Kate aliuliza, kwa sauti ndogo, kama mama hushuka huko kila siku. Kila siku, alisema mama, ng'ombe hafungi saumu.

"Basi twende tu nyumbani kwangu, mama," Kate akasema.

Mureithi aliketi kwenye nyasi. Aliona aibu, na aliogopa. Alikuwa amepima mbao, jukwaa na trekta mbili, na wiki zote hizo hakumuuliza mwenye shamba hata swali moja.

"Mama, wewe ungependa tufanyeje?"

"Haya majani yahamie juu, karibu na zizi, hapo ulipolima leo. Mimi sikuwa na nguvu ya kuchimba. Huku tupande miti, tusishuke tena."

Kate akauliza kwa nini hakusema mapema.

"Nilimwambia huyu Krismasi," mama akasema. "Alikuwa anapima meza."

Kate alimtazama kaka yake. Kisha akavua viatu, akaomba panga. Mashina ya majani ya kupanda yangekatwa leo, alisema, yafike juu kabla ya mvua, na mama asiguse hata moja, maana kesho ng'ombe wake atamhitaji mzima. Mizigo yote ilipandishwa na Mureithi, mgongoni, safari kumi na moja. Hakuna aliyemwambia apumzike, hata mama yake.