Kilio cha mwenye gari nyekundu

Musinicheke mbele ya kusikia mpaka mwisho, maana aibu hii nimeibeba miaka mingi, na mpaka leo kuko mama mumoja wa Mulongwe akiniona sokoni anaanza kulia kwa uongo, "Uwiii, Papa Riziki!", na watu wanakufa na kicheko.

Ilikuwa wakati wa vita. Wenye bunduki wako mumuji, kila gari yenye kutembea wanaipanda wanaenda nayo, basi watu wanaficha magurudumu na kuacha gari juu ya mawe. Pale Rugenge, nyuma ya nyumba moja, bashi, turubai la kufunikia, ilifunuka na upepo nikaona gari: ya Japani, milango miwili, nyekundu, imeshushwa mpaka hata juu ya mawe inakaribia kugusa udongo, na bawa kubwa nyuma! (Minye ni fundi wa baiskeli, lakini roho yangu ni ya moteri.) Nikasema niulize tu mwenyewe ni nani, anifungulie boneti nione. Swali dogo.

Mama muuza ndakala, wale samaki wadogo, akaniangalia juu mpaka chini: "Mwenyewe alikufa." Fundi cherehani: "Papa Riziki? Alikufa." Hata katekista, muntu wa Mungu: "Alikufa, ndugu." (Wakati ule kila gari ilikuwa ya marehemu, ili wenye bunduki wasimtafute mwenyewe, muji mzima walijua, isipokuwa minye mpumbavu.)

Sasa, kwetu hauingii kwa wafiwa kimya. Nikanunua sabuni na sukari, nikaingia saloni, chumba cha wageni, kwa Mama Riziki nikilia kwa nguvu zote: "Papa Riziki, umetuacha na nani!" Mama akaruka, "Weye baba, nyamaza!", nikafikiri ni uchungu, nikaongeza. Majirani wakasikia, wamama wakafunga vitenge kiunoni wakaja, kwaya ikaja, mwisho akaja komanda mwenyewe wa wale wenye bunduki, na bunduki yake, akavua kofia, akakaa mbele. Hapo Mama Riziki akakosa njia, akalia kuliko sisi wote.

Wakaniomba neno. Ningesema pole nikakaa, lakini huu mdomo! Nikasema: "Marehemu alinipenda. Ile gari alinipa kila siku ya Mungu, niiendeshe mpaka Makobola. Akaniambia, siku nitakufa, ni yako."

"MUONGO!" Sauti ilitoka juu, ndani ya plafo, darini. "Ule usukani hakuna muntu aliugusa!" Na vumbi likatuangukia vichwani.

Komanda alitoka wa kwanza, kupitia dirisha, kofia akaiacha. Kwaya nyuma yake. Tangu pale hakuna mwenye bunduki aliyepita ile njia, maana gari ya maiti mwenye kusema, nani ataigusa?

Papa Riziki akashuka, mweupe na vumbi, nikafikiri atanishukuru. Akanishika kola. "Kwa sababu yako minye ni maiti mpaka vita iishe. Basi utakuja kunililia kila juma, wasisahau."

Nikalia miezi saba, ndugu zangu. Na yeye kule juu ananong'ona: "Ongeza, hausikiki!"

Vita ilipotulia akarudisha magurudumu, akapita sokoni, moteri inanguruma, watu wanakimbia mzuka, akasimama palepale mbele yangu. Nikafurahi mpaka machozi, nikanyoosha mukono kwa mulango.

"Hapana, ndugu," akasema. "Weye si umekwisha kuiendesha mpaka Makobola?"

Akaenda. Tangu siku ile nikienda kwa kilio ninasema pole, ninakaa.